Mwamba Una Sauti Yake

Jumapili, saa nane kasorobo, nafika lupangoni kwake Katuba.
Kaumba amekwisha kusimama mlangoni,
skafu ya Cheche shingoni katika jua hili la Oktoba
linalopasua hata bati.
«Umechelewa,» ananiambia.
Sijachelewa. Miaka kumi na tisa sijachelewa.
Hiyo ndiyo salamu yetu.

Tunakwenda kwa miguu, mkono wake begani mwangu,
mwepesi, kana kwamba yeye ndiye anayeniongoza,
nami namwacha aamini hivyo.
Macho yake yalibaki kule kiwandani,
mbele ya shaba inayochemka, zamu ya usiku.
Alitazama moto miaka ishirini,
akalipwa kumi na minne.
Hesabu hiyo haigusi. Njia nzima anamsema kipa.

Kiingilio ni franka elfu moja.
Kijana wa mlangoni anataka kumpitisha bure.
«Mimi ni mpenzi wa timu,» Kaumba anasema, «si mgonjwa.»
Anatoa noti iliyolegea kama kitambaa,
anadai tikiti yake,
anaipapasa pande zote mbili kabla ya kuitia mfukoni.

Tunakaa pale pale,
chini ya nguzo ya umeme ambao haujawahi kuja,
juu ya katoni ya sabuni tuliyoipasua vipande viwili.
Karanga za mia tano. Anazigawa kwa kidole gumba:
moja yake, moja yangu,
iliyooza ni ya refa.

Hapo naanza kazi yangu.
Mpira uko kushoto. Kabwita anao.
Amempita mmoja, amempita wa pili, ameanguka.
«Ameangushwa,» ananisahihisha.
Ameangushwa.
«Na refa?»
Refa anafunga kamba ya kiatu.
Basi Kaumba anasimama, anageukia upande usio wake,
na kumtukania refa ukoo mzima, mpaka mashemeji.

Cheche hatujashinda tangu mvua za mwaka jana.
Wenzetu wamehama. Wanavaa rangi za timu kubwa,
wanatazama mpira kwenye kioo cha baa, chupa baridi mkononi,
na tukipita wanatuita:
Haya, wawili nyinyi! Mmoja haoni, mwingine haelewi!
Jezi yetu ya kijani imechujuka
ikawa rangi ya matembele yaliyolala chunguni.

Dakika ya themanini na nane. Tumefungwa moja. Penalti!
Watu mia mbili na mbuzi mmoja, wote wima.
Kabwita anatenga mpira, anapangusa vumbi jekundu,
anarudi nyuma hatua nne.
Kaumba amenishika kifundo cha mkono.

Mpira ukapaa juu ya goli, juu ya ukuta,
ukaangukia nyuma ya nyumba za watu huko.
Nami nikasema, mpaka leo sijui kwa nini,
«Mwamba! Umegonga mwamba, Kaumba! Kidogo tu!»

Hakujibu. Alitafuna karanga yake mpaka ikaisha.
«Ngoie,
mwamba ule ni bomba la kiwandani. Nililichomelea mimi.
Likiguswa linalia kama sufuria tupu.
Mimi nimesikia mbwa.»

Kweli, mbwa alikuwa bado anabweka.
Nilitazama viatu vyangu.
Uwanja ulianza kumwagika, watoto wakiokota chupa,
mbuzi akarudi katikati kula majani yake.

«Sasa nieleze,» akasema. «Toka mwanzo. Alirudi hatua ngapi?»
Nne.
«Na mguu?»
Wa kulia. Mwili ameulaza nyuma.
«Nyuma sana?»
Sana, Kaumba. Kama mtu anayekalia kiti kisichokuwepo.

Akacheka. Akacheka mpaka akanishika tena begani,
na safari hii mkono wake ulikuwa mzito.
Tukakunja katoni zetu.
Jumapili ijayo tunacheza Kipushi,
nauli hatujui itatoka wapi.
«Saa mbili asubuhi,» akaniambia mlangoni kwake.
«Na usichelewe, kama kawaida yako.»