Lori la Magodoro

Kazi yangu, nikiulizwa, ni kumwokoa mtu mbaya.
Nina meza huku Burbank, dirisha linatazama maegesho,
na kila baada ya miaka miwili Bwana Lindqvist huja
na kikombe cha kahawa asiyoinywa
aseme: Araksi, amekufa tena. Mfufue.

Kafa vipi?
Kaanguka ghorofa ya sitini na mbili.
Shujaa kamsukuma?
La hasha, shujaa hasukumi. Kateleza mwenyewe, akicheka.
Basi nipe mpaka Ijumaa.

Za mwizi arobaini, husema watu.
Za Zebaki nimezihesabu mimi: zimevuka mia tatu,
na mkataba wake una kiambatisho.
Siku ya kufa nyani miti yote huteleza,
lakini huyu nyani wangu
miti humpokea, humfuta vumbi, humwagizia teksi.

Filamu ya kwanza, manowari ililipuka naye ndani.
Nikamtoa kwa tundu la taka
pamoja na maganda ya viazi.
Ya pili, walimzamisha katika zege bichi hadi utosini;
kumbe mkandarasi alikula hela ya saruji,
ule ulikuwa mchanga na maji ya rangi.
(Hiyo niliionea fahari.)
Ya tatu, risasi ya moyo. Nikauhamishia moyo wake kulia.
Daktari mmoja wa Ohio akaniandikia barua, kurasa sita.
Ya nne ndiyo hii ya ghorofa,
na nilikuwa nimechoka, na ilikuwa Alhamisi usiku,
nikapitisha chini yake lori la magodoro.

Kaka yangu Vrej alikuwa fundi wa paa, Glendale.
Jina lake kwa lugha ya bibi yetu ni kisasi,
na hakuwahi kumlipiza mtu hata tusi.
Ngazi yake ilikuwa na vipago kumi na vinne.
Alianguka kutoka cha saba.
Jumanne, saa nne asubuhi, Mtaa wa Chevy Chase.
Chini palikuwa na ndoo ya lami
na njia ya saruji, saruji halisi,
mkandarasi mwaminifu.
Moyo wake ulikuwa upande uleule wa kila mtu.

Mama alitaka kuiona filamu.
Arobaini ya Vrej tulikuwa tumeimaliza wiki iliyotangulia.
Alivaa koti la kanisani,
akala bisi mojamoja kama mtu anayelipa deni.
Zebaki alipoachia ukingo, ukumbi mzima ulishika pumzi;
lori likatokea, makofi yakalipuka,
na kijana nyuma yetu akasema, kwa furaha kabisa,
Upuuzi mtupu!

Mama akaniinamia sikioni.
Lile lori lilikuwa linakwenda wapi?
Mama, ni lori tu.
Kuna mtu aliagiza magodoro. Arobaini, nimeyahesabu.
Kuna mtu analala sakafuni leo.

Sikuwahi kufikiria kwamba lori lina mwenyewe.

Rasimu ya tano nilianza na dereva.
Nikampa jina, Everardo, na mgongo unaomsumbua,
na mzigo wa zahanati moja ya Fresno,
na barabara iliyofungwa ghafla kwa bomba lililopasuka,
ikambidi akate kushoto, mtaa asioujua,
nyumba za chini, ngazi imeegemea ukuta,
Jumanne, saa nne kasoro dakika moja.
Ukurasa mmoja na nusu. Hakuna anayecheka.
Lori linapunguza mwendo.
Linasimama.

Bwana Lindqvist alipita na kalamu nyekundu.
Pazuri, alisema, lakini hapasukumi hadithi mbele.
Akapakata. Akatafuta pa kuweka kikombe.
Na Zebaki yuko wapi?

Zebaki yuko chini ya barafu, futi mia tisa,
mikono imefungwa, nikamwambia.
Nipe mpaka Ijumaa.