Yasiyoingia Kwenye Muhtasari

Kikao kilifunguliwa saa moja na robo usiku.
Waliohudhuria: thelathini na wanane, na mbwa wa Graciete.
Ajenda moja: je, shule ya zamani igeuzwe bweni
la wachuma rasiberi?
Ndivyo nilivyoandika. Mimi ni katibu wa kata,
nalipwa kuandika kilichosemwa,
si jinsi mtu alivyokohoa kabla ya kukisema.

Abílio alisimama wa kwanza, kofia mkononi.
Akasema maji. Akasema kisima chake,
alichochimba babu yake kwa sururu,
kinatoa tope tangu mahema ya plastiki
yatandazwe toka barabarani hadi ufukweni.
Akasema kodi: mwanawe anaoa Septemba
na hapati hata chumba cha kuingiza kitanda.
Kila neno lilikuwa kweli. Niliandika.
Sikuandika gereji ya Abílio, nyuma ya mizeituni,
wanamolala Wanepali kumi na wanne, kwa zamu,
godoro halipoi,
kila kichwa yuro mia na ishirini.

Lurdes wa mikate akasema:
zamani nilioka arobaini, kumi nikawatupia kuku.
Sasa tanuri linawaka tangu saa tisa usiku.
Watu wakacheka, wakapiga makofi.
Kisha, kwa sauti ya chini: binti yangu
hapiti tena uwanjani jioni.
Wanaume wamejaa ukutani, hawajamgusa mtu,
wanaongea na wake zao kwenye simu.
Yeye anazunguka kwa nyuma, kwa makaburi.
Sioni fahari kulisema hili, akasema, akaketi.
Niliandika mikate.

Mwalimu Noémia alikuja na daftari la mahudhurio.
Watano, mwaka ule barua ya kutufunga ilipopigwa chapa.
Leo kumi na tisa.
Nusu yao nawafundisha kugawanya kwa vidole na michoro,
na watoto wenu wanasubiri, wanachora farasi pembeni.
Msiniulize faida iko wapi na hasara iko wapi,
zinakaa dawati moja.

Sauti kutoka nyuma: Warudi kwao!
Hakuna aliyegeuka kutazama ni nani.
Sote tuliijua.

Mgeni hupewa jembe siku ya tatu.
Hawa tuliwapokea nalo kituo cha basi,
kisha tukashangaa kwamba hawaji sebuleni.
Na mwenye mashamba anaishi Lisbon.
Hakuhudhuria. Alituma udhuru, na boksi la matunda.

Baba yangu alivuka milima ya Pirenei kwa miguu
na nusu ya picha yake ndani ya soksi.
Nusu nyingine alibaki nayo mama.
Ile ya soksi iliporudi kwa posta, mama alijua amefika.
Alifika kwenye kibanda cha mabati, tope hadi magotini,
nje kidogo ya Paris.
Huko nako, naamini, palikuwa na kikao.
Palikuwa na mtu mwenye kisima,
na mtu mwenye binti,
na katibu aliyechonga penseli wakati jina letu likitajwa.

Mwenyekiti akakumbuka kwamba mlangoni
alikuwa amesimama Dipendra, aliyejifunza Kireno redioni.
Una neno?
Dipendra akafikiri.
Hilo bweni, akasema, lina madirisha mangapi?

Hakuna aliyejua.
Mimi nilijua. Sita, na la mwisho halifungi;
nilikaa chini yake miaka minne, shingo ikiuma.
Lakini katibu hana sauti kikaoni.

Kura: kumi na tisa, kumi na tisa.
Imeahirishwa hadi baada ya mavuno ya zeituni.
Kikao kilifungwa saa tatu kasoro dakika tano.

Nje mvua ilikuwa imeanza, ya kwanza tangu Machi.
Abílio alimfungulia Dipendra mlango wa gari.
Walikuwa wanaelekea njia moja.