Zamu ya Maji

Alhamisi ya tatu, saa mbili na robo,
nimekaa kwenye benchi la zahanati, Kiboriloni,
kofia nimeishusha hadi kwenye nyusi
kama mtu anayedaiwa.
Mlima umejifunika. Julai hii hata mlima unaona baridi.

Sista Ndeshi anatoa kichupa, hana haraka.
Anakifumba kiganjani, anakipasha moto
kwa mkono wake mwenyewe.
Dawa imo ndani ya mafuta ya mnyonyo, anasema,
na mafuta yakiwa mazito, sindano hugoma.
Namkumbuka bibi kule Uru,
kijiko cha mafuta hayohayo siku ya kwanza ya likizo,
tukashinda chooni.

Shusha suruali kidogo. Legeza mguu.
Usinikazie kama kichuguu, baba Naisae.

Ilianza na ndevu.
Tesha kinyozi alinifuta uso, akasema,
"Leo lipa nusu, kazi haikuwepo."
Wakacheka. Nami nikacheka.
Kisha usingizi: saa tisa mchana, gereji imejaa,
mimi chini ya lori la mtu, spana kifuani, nakoroma.
Kisha yale ya usiku, nayataja mara moja tu:
kitanda kikawa kipana.

Nikatafuna karanga mbichi.
Nikanywa supu ya pweza
aliyepanda kutoka Tanga ndani ya barafu, amechoka kuliko mimi.
Nikanunua mzizi Mbuyuni, kwa mtu aliyeapa
kwamba nitavunja chaga za kitanda.
Chaga ziko salama hadi leo.
Tumbo ndilo lililokesha.

Daktari alichukua damu asubuhi mbili, kabla ya chai.
Akaandika namba, akaizungushia wino.
Darasa la tano nilipata kubwa kuliko hiyo, na nikachapwa.
"Tutakuongezea kile mwili ulichopunguza," akasema.
"Ila damu tutaipima, isije ikawa nzito,
na mbegu zinaweza kulala.
Kama mnataka mtoto, sema sasa."
Nikasema nina mabinti wawili.
Sikusema mama yangu anamsubiri nani.

Baba alikuwa mtu wa mfongo.
Usiku, jembe begani, anailinda zamu yetu
wa juu wasituibie.
"Maji hayana mwenyewe," alikuwa akisema, "yana zamu."
Sikumwelewa. Kihamba kilikuwa kijani,
nilidhani ukijani ni wetu.

Sasa naelewa kwa nyama ya paja.
Wiki ya kwanza mfereji umejaa:
nainua giaboksi peke yangu, nagombana na redio.
Ya pili, maji ya kawaida.
Ya tatu migomba inalaza majani,
naanza kuhesabu siku kwa vidole vyenye grisi.

Nilimficha Haikaeli miezi minne.
Nachomwa kwa ajili ya mgongo, nilimwambia.
Jumapili alipokuwa akifua ovaroli, kadi ikaanguka.
Aliisoma yote, hata nyuma.
Hakusema kitu. Akaenda kwenye sanduku, akaleta yake:
imechakaa, imeungwa kwa gundi,
mihuri tangu mdogo alipoacha ziwa.
"Miaka tisa," akasema, "kila miezi mitatu.
Benchi lilelile. Ndeshi yuleyule.
Uliwahi kuniuliza kama panauma?"

Sikuwahi.

Tayari, anasema Sista, na kubandika pamba.
Natoka nikichechemea, naivua kofia,
ukungu unanilowesha upara.

Zamu yake ni mwezi wa tisa, tarehe nne.
Nimeiandika kwa chaki kwenye ukuta wa gereji,
chini ya deni la yule mtu wa Himo.
Nitakwenda naye.
Sijui nitakaaje katikati ya akina mama wale.
Nitakaa.