Risiti ya Sanda

Dirisha la tatu, ofisi ya misaada, Ibra.
Jumatano, soko la wanawake limeshavunjika,
na Bi Ghaniya ameleta karatasi zake
ndani ya mfuko wa mchele. Zinanuka bizari.

Fomu ya Kiarabu, mazungumzo ya Kiswahili,
kile alichonilelea mama, cha kuvutana sikio.
Marehemu: Suwed, mume.
Kazi: boza la maji, mpaka macho yalipomkataa.
Kufa: usiku wa kuamkia Ijumaa.
Kuzikwa: jua halijapanda.

Naanza kuuliza. Ndiyo mshahara wangu, kuuliza.
Mchimba kaburi?
Vijana wa mtaa. Walikunywa kahawa tu.
Hema?
La msikiti, na viti vyake.
Mchele, nyama, siku tatu?
Kwa Muhenna, kwa deni. Daftari hilo.
Kafuri, mkunazi?
Wewe mwanangu, kafuri ina risiti?
Sanda?

Hapo akaanza kukunja ncha ya shela.

Zilikuwapo, anasema. Yake na yangu.
Tulizitosa Zamzam mwaka wa Hija,
tukazianika kwenye kitanda cha hoteli
tukalala chini, sakafuni, tunacheka.

Basi iko wapi yake?

Anajibu kama anayekiri wizi.
Mwaka jana kijana mpaka rangi alianguka
jengo la pili kutoka kwetu, ghorofa ya nne.
Mgeni. Muislamu, hilo tu tulilijua.
Mdhamini wake kazima simu,
maiti siku ya tatu iko kwenye barafu.
Suwed akafungua sanduku mwenyewe.
Akasema, mie bado napumua.

Kwa hiyo Ijumaa Suwed kavaa yangu.
Ya mwanamke ina vipande vitano,
yeye kachukua vitatu.
Viwili nimevirudisha sandukuni.

Natazama fomu juu chini.
Ina kisanduku cha kipato, cha ukoo, cha idadi ya wategemezi.
Inamlipia aliyekufa. Bi Ghaniya yu hai,
anakohoa, anangoja, kashika kalamu yangu.

Deni la Muhenna napitisha lote.
Kwenye sanda naandika: vipande vitatu.
Risiti: hakuna.
Mkaguzi atanirudishia, najua,
kwa wino mwekundu.

Anaweka dole gumba. Anainuka kwa goti moja kwanza.
Mlangoni anageuka:
mfuko wangu wa mchele, mwanangu, nirudishie,
bado mzima ule.