Mbili Mkobani

Kubwa niliinunua kwa pesa za mchezo
zamu yangu ilipofika, Mfungo Sita.
"Hii ni ya wanaoanza," alisema muuzaji kule Mombasa,
akaifuta vumbi kwa pindo la shati lake.
Sikumwambia nina miaka kumi na tisa katika kazi hii.
Huko kuanza ndiko nilikofika.

Ndogo ninayo tangu sijaolewa.
Rangi ya fedha imechujuka,
mlango wa betri nimeubana kwa mpira wa nywele.
Ukiiwasha hukoroma, hutoa kichwa polepole
kama kobe aliyesikia jina lake.

Wateja huniuliza, kubwa si ndiyo bora?
Bora wapi? Saa ngapi?

Kubwa inataka nirudi nyuma hatua tatu
na vichochoro vya Mkomani havina hatua tatu.
Mgongo unagota ukutani, chokaa inabaki kwenye buibui,
punda wa mchanga anadai njia,
na lenzi bado inanidai hatua moja.

Ndogo haidai kitu. Lakini ukibonyeza, inafikiri.
Inafikiri hadi mtoto amekwisha kugeuka,
hadi cheko limekuwa mdomo tu.
Nina visogo vya watoto wa Langoni, vizazi viwili vya visogo.
Kubwa, kioo kinaruka, klak,
na kope imenaswa ingali hewani.

Tena giza. Ewe ndogo, giza hulijui.
Umeme wa kuyumba, taa mbili, ukumbi wa wanawake umejaa,
ukawapiga wote radi ya uso:
hina ikawa wino uliomwagika, dhahabu ikawa bati.
Kubwa ililiacha giza likae mahali pake,
ikachota kilichomo:
jasho jembamba juu ya mdomo wa Khairiya,
kikuba kinachoanza kulegea,
kidole cha shangazi yake kikihesabu noti chini ya leso.

Ningeishia hapo, ningekuwa nimemaliza.
Ila kila nilipoinua kubwa, leso zilipanda.
Vicheko vilikatika kama bomba lililofungwa.
"Hiyo itatupeleka wapi?" akauliza mmoja.
Nikaapa kwamba haitoki kwangu, kadi nitaikabidhi kwa mkono.
Wananijua. Nimewapiga picha za vitambulisho wote hawa,
na mama zao.

Mamake Khairiya, Bi Mwanamkuu, akanishika kiwiko.
"Tupige kwa ile yako ya zamani.
Hii ukiivaa huna uso.
Tunataka kumuona anayetuona."

Basi nikanyoosha mkono, ndogo kiganjani,
uso wangu uchi pembeni yake,
nikicheka nao, nikikosea nao.
Leso zikashuka zenyewe.
Mwari akatoa ulimi. Nyanya akacheza na bega moja.
Ndogo ikafikiri, ikachelewa, ikapiga kilichobaki.

Usiku nyumbani nilizichomeka kadi zote mbili.
Za kubwa, unaweza kuhesabu nyuzi za darizi.
Za ndogo, punje punje kama wali wa jana,
na tarehe ni ileile, Januari mosi, saa sita usiku,
mwaka ambao Khairiya alikuwa bado anatambaa,
maana betri ikichomoka saa yake hurudi mwanzo
na mimi nimechoka kuirekebisha.

Bi Mwanamkuu alikuja Jumatatu kuchagua ya ukutani.
Alizipita za kubwa akisema mashallah, mashallah,
akasimama kwenye moja ya ndogo:
watu wanne wa ukungu, na konani
kitu chekundu, kinene, kimeziba robo ya picha.
Nikasema hii ya kufuta, samahani.

"Kidole hichi ni chako?"
Ni changu.
"Basi nawe umo. Nikuzie hii."

Nikaichapa kwa ukubwa aliotaka.
Mchezo bado naulipa, miezi minne.