Simu ya Saa Nane

Saa nane usiku, Kirumba. Mama amevaa koti,
anatafuta kiatu cha pili awahi zamu Posta.
Miaka ishirini na sita, opereta:
"Bukoba, subiri. Musoma, ongea."

Daktari wa Bugando alinichorea ubongo nyuma ya risiti:
giza likiingia, homoni ya usingizi hupiga simu.
Kwa mama inapiga kwa sauti ndogo,
na vipokezi vimebaki vichache.

Ziwani taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga.
Kwake hizo ni laini, zote zinaita.
Anachomeka kidole kwenye kioo cha dirisha, moja moja,
kisha ananigeukia, kwa adabu ya kazini:
"Na wewe, nikuunge na nani?"

"Limi Nkwabi. Kama yupo."

Anainamisha sikio.
"Inaita."