Kodi ya Miezi Miwili

Mpangaji wa chumba cha uani, kijana wa bomba la gesi,
aliihama Chuno usiku wa manane, mlango kauegesha,
funguo kaziacha juu ya mita ya luku.
Nikakuta feni yangu haipo,
hata balbu kaifungua.
Pembeni, ndani ya kopo la rangi, kasimama huyu:
majani sita ya kijani kilichokolea, kila moja kama kopa la karata,
na kikaratasi: *Mama Fatu, nisamehe. Usimpe maji mengi.*

Usimpe maji mengi!
Laki moja na ishirini elfu
nimelipwa kwa kopo.

Somoe wa nyumba ya pili akaja na kisu mkononi:
"Gimbi hili, shoga. Chimba, tutie nazi."
Tukachimba. Kiazi hakuna,
mizizi mieupe tu, minene, imejisokota kama tambi.
Kwa ubishi wake akatafuna ncha ya jani.
Ulimi ulimuwasha mpaka alasiri,
akanywa mtindi vikombe vitatu
akailaani gesi yote ya Msimbati.

Basi si gimbi, ingawa ukoo wao mmoja.
Mwalimu Nambunga akasema yungiyungi.
Yungiyungi gani? Lile hulala majini,
huyu maji yakituama huoza miguu.
Mjukuu wangu Twaha akamkwaruza kwa ukucha,
akatoa hukumu: plastiki.

Nami nilianza vibaya, sitaficha.
Nilimpa maji ya kisima, yana chumvi,
ncha zikaungua kama pindo la kanga iliyosahauliwa jikoni.
Nikamtilia maganda ya korosho, nikidhani mbolea;
mafuta yale yanayobabua vidole vya wabanguaji
yakambabua na yeye. Majani mawili yakaenda.
Nikamweka dirishani, jua la Novemba likamkuta.
La tatu likaenda.

Labda nilikuwa namdai yeye.

Nikakaa chini nikachambua makumbi ya nazi,
nikachanganya na mkaa uliovunjwavunjwa, mchanga kiasi,
nikamhamisha. Maji ya mvua, ya bati,
kikombe kimoja, na kidole kiguse pakavu kwanza.
Mahali pake nikampa kando ya mtungi,
pale ukuta hutoka jasho hata kiangazi
na jua hufika limeshachujwa na pazia.

Machi akatoa kitu kimekunjwa kama barua.
Siku tisa kikikunjuka.
Chekundu, kinang'aa, utadhani kimepakwa mafuta ya nywele.
Mtaa ukajaa uani: ua, ua! Simu juu, picha.
Walipoondoka nikavaa miwani ya kushonea, nikainama.

Wanalolisifia si ua.
Ni jani lililovaa.
Maua yenyewe yako kwenye kile kidole cha njano
kilichosimama katikati, na ni mamia,
madogo kuliko ufuta, yamebanana,
kila moja na shughuli yake.
Hakuna aliyeyapiga picha.

Muuza miche wa Ligula alinipa jina,
anturiamu. Nililirudia njia nzima,
an-tu-ri-a-mu, likanidondoka kabla sijafika msikitini.
Watu wakiniuliza huyu anaitwa nani
nawajibu: Kodi.

Juzi simu ikalia, namba ngeni.
"Mama Fatu. Bado yupo?"
Deni hakulitaja. Nami sikulitaja.
Nikamwambia amezaa, ana kichipukizi ubavuni,
kikishatoa mizizi miwili nitakitenga.
"Maji je?" Nikamwambia ya mvua.
Akanyamaza kwa muda mrefu,
na nyuma ya ule ukimya nikasikia feni.

Feni yangu. Naijua ile.
Hukwaruza kila mzunguko wa tatu.